Mwano Nilioupiga Mchana

Mwabaluhi, njia ya Didia,
Alhamisi.

Dada yangu mpendwa Philomena,

Shikamoo dada, na mwangaluka mayu. Pokea salamu zangu kwanza kabla hujaanza kujiuliza kwa nini Bujiku kaandika barua wakati simu ipo. Hali yako vipi huko Ushirombo? Lile goti lililokusumbua wakati wa Pasaka limetulia? Shemeji Donatus mfikishie shikamoo yangu, umwambie zile mbegu za karanga alizotupatia zimeota zote, mpaka majirani wanapita kuangalia. Sisi hapa ni wazima wa mwili. Mvua zimenyesha vizuri, majaruba ya mpunga yamejaa, ng'ombe wanashiba. Mageni yuko shuleni Mwadui na mwalimu wake kamsifu kwa hesabu. Hayo ndiyo mazuri. Mengine itabidi ukae chini ndiyo uyasome.

Sikupiga simu kwa sababu wewe simu unaiweka sauti ya juu, dada, usikatae, na nyumba nzima inasikiliza huku inatafuna matobolwa ya viazi. Maneno haya nataka uyasikie peke yako. Barua nampa Nestory anayepeleka mchele huko sokoni kwenu. Nimemwambia ni mambo ya shamba la baba, kwa hiyo akikuuliza jibu hivyo hivyo.

Huko kwenu nasikia sungusungu wamelegea siku hizi. Hapa kwetu bado ni moto, kwa sababu wizi wa ng'ombe haujaisha. Wanaswagwa kutoka huku, unakuja kusikia wameishia buchani kwa wachimbaji upande wa Bulyanhulu, na ngozi huioni tena. Kwa hiyo mwano, ule wito wa hatari, ukipigwa, kila mwanaume anayeusikia anatoka mbio na fimbo au upinde, awe anakula, awe anaoga. Asiyetoka ana kesi. Lakini mwaka jana kijiji cha jirani walimzunguka mtu wakampiga hadi akapoteza jicho, kumbe alikuwa anatafuta punda wake. Mzee Magesa, ambaye ndiye mtemi wetu wa sungusungu, aliogopa sana. Akaenda mjini Shinyanga kwenye kituo kimoja cha msaada wa sheria, akarudi na ushauri kwamba tuchague mtu mmoja wa kujitolea, asomeshwe sheria kidogo, awe anatuambia uwezo wetu unaishia wapi. Cheo chake kitaitwa afisa sheria wa kujitolea. Mshahara hakuna, posho hakuna, ni heshima tu.

Heshima hiyo, dada, niliitaka mimi. Naandika bila kuona haya. Nimeshika upinde wa sungusungu tangu niliporudi kutoka kwenye maduara ya dhahabu, nimekesha kwenye mvua, nimekimbia mwano na homa ya malaria mwilini. Kama kuna mtu wa kuitwa afisa hapa Mwabaluhi, niliona ni mimi.

Sasa desturi ya hapa unaijua. Mtu hajitaji mwenyewe, ni aibu. Unasimama unamtaja mtu ambaye hawezi kuchukuliwa, watu wanacheka kidogo, halafu mmoja anasema, kwani wewe uliyesimama una nini? Ndivyo Mzee Magesa mwenyewe alivyoupata utemi, alimtaja kipofu. Basi siku ya dagashida, ule mkutano wa kijiji kizima, watu wote wamekaa, nikasimama, nikavua kofia, nikasema namtaja Mama Mageni, mke wangu, kwa sababu kamaliza kidato cha nne na kwa sababu nyumbani kwangu hajawahi kushindwa kesi. Watu walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Nikabaki nimesimama, kofia mkononi, nangoja mtu aseme lile neno. Zipora akainuka kule walikokaa akina mama, akakaza kitenge chake kiunoni, akasema anakubali na anamshukuru mume wake kwa kumwamini. Makofi yaliyopigwa pale! Na mimi nikapiga. Ningefanyaje?

Akaenda mjini kusoma. Aliporudi alikuwa na kizibao cha njano kimeandikwa mgongoni AFISA SHERIA, KUJITOLEA, na kitabu cha Katiba, na namna mpya ya kuuliza maswali. Ukimwambia mbuzi wa fulani kala mahindi, anakuuliza umemwona kwa macho yako au umeambiwa. Nikimwambia ugali umepoa, ananiuliza umepoa au nimechelewa. Mwanzoni nilicheka. Baadaye nikawa sicheki.

Kwa sababu alikuwa anaiweza kazi, dada. Hapo ndipo penye uchungu. Angekuwa anaboronga ningemhurumia na mambo yakaisha. Lakini alisimama mbele ya wanaume wenye mvi akawaambia kwamba sungusungu tuna ruhusa ya kukamata na kukabidhi polisi, hatuna ruhusa ya kupiga wala kuhukumu, na wanaume wale wakamsikiliza. Aligusa hata kutengwa. Unajua kwetu mtu akitengwa hakuna wa kumsalimia, hapewi moto, mashine haimsagii, akifiwa anachimba kaburi mwenyewe, na mke na watoto wanaingia humo humo. Zipora akasema kosa la mtu mmoja libaki la mtu mmoja, na hatengwi mtu kabla hajasikilizwa akiwa na ndugu wa damu wa kusimama naye. Walibishana kutwa nzima. Jioni wakakubali. Wazee waliokuwa wananiita Baba Mageni wakaanza kuniuliza njiani, afisa yupo nyumbani? Siku moja nikamjibu mmoja kwamba hapa anakaa Bujiku na mke wake, afisa simjui. Akacheka akidhani ni utani.

Na sasa nimfikie Ansgar. Huyu ni mratibu wa kile kituo cha Shinyanga, ndiye aliyewafundisha. Kila baada ya muda alikuja na pikipiki kuwatembelea maafisa wake wa vijijini. Kijana si kijana, mzee si mzee. Suruali imenyooka pasi hata wakati wa matope, sijui anaifanyaje. Ananukia. Anaongea polepole na kila akimaliza anasema, tuko pamoja? Zipora akaokota neno hilo. Ananipakulia mboga, ananiuliza tuko pamoja? Mimi mume wake, tumelala kitanda kimoja tangu Mageni hajazaliwa, naulizwa tuko pamoja kwa maneno ya mwanaume mwingine!

Nikueleze ukweli mtupu: sikuwahi kuona kitu kati yao. Niliangalia, dada, wala sikuangalia kijinga. Nilikaa nao kivulini nikijifanya nasuka kamba, masikio yote yako huko. Walikuwa wanaongea mambo ya dhamana. Mirathi. Hati ya kukamata mtu. Zipora anauliza, yeye anajibu, Zipora anambishia, yeye anakubali kwamba Zipora yuko sahihi, na wote wawili wanafurahi. Mimi ningewafumania wakishikana mikono ningejua la kufanya. Lakini mke wangu alikuwa anacheka kwa ajili ya kifungu cha sheria, kicheko ambacho sijakisikia tangu tukiwa wachumba, na kwa jambo hilo huwezi kumshitaki mtu popote. Wivu ulinishika mpaka chakula kikawa hakipiti. Nilikonda. Mama yake Zipora alipokuja kututembelea akaniuliza kama nimepima kifua.

Basi wiki mbili zilizopita, mchana, jua la saa nane, natoka majarubani na jembe begani. Zipora alikuwa kaenda kisimani. Nikakuta pikipiki imeegeshwa barabarani kwa sababu njia yetu ilikuwa tope tupu. Pikipiki ile naijua kuliko ng'ombe wangu. Nikakata kupitia kwenye mtama. Nikamwona Ansgar kasimama kwenye zizi langu, kaweka simu sikioni, anacheka, anasema yeye ameshafika nyumbani, anamsubiri, asiharakishe na maji yasije yakamwagika. Alisema hivyo: ameshafika nyumbani. Wakati huo ndama mmoja alikuwa kaisukuma miti ya mlangoni na kutoka nje. Ansgar akaweka simu mfukoni, akamshika ndama masikio, akawa anamrudisha ndani taratibu huku anambembeleza, suruali yake ile ikiwa imejaa mavi ya ng'ombe hadi magotini.

Nilichofanya hapo ndicho kilicholeta yote. Niliweka vidole mdomoni nikapiga mwano.

Dada, hujawahi kusikia mwano ukipigwa na mtu mwenye wivu. Uliitikiwa Mwabaluhi yote. Watu walitoka kwenye mpunga, kwenye mashine, kwenye pombe. Nadhani mara tu ulipotoka mdomoni nilitaka kuurudisha, lakini haurudi. Mwenzako akiusikia anaupokea, na mwenzake anaupokea, unakwenda hadi vijiji vya mbele. Ansgar alishituka, akafanya kosa ambalo mtu wa mjini tu ndiye anaweza kulifanya: akakimbia. Mtu wa huku angekaa chini akanyoosha mikono. Yeye alikimbilia pikipiki yake, na anayekimbia mwano ameshajihukumu. Walimpata kabla hajafika barabarani.

Mimi nilikuwa nyuma nimesimama na jembe. Nilisikia mkono wake ukivunjika. Sitaki kuandika zaidi hapo.

Zipora alikuja mbio kutoka kisimani, hana kizibao, hana viatu, kitenge kimelowa. Hakuuliza ni nani aliyelala pale. Aliwapenya, akajitupa juu ya yule mtu, akapaza sauti kwamba mtuhumiwa ni wa polisi, atakayepiga tena atampiga yeye kwanza, na atamtaja kwa jina mahakamani. Wakaacha. Aliponyanyuka ndipo alipomwona uso. Nilimtazama wakati anamwona. Hakulia. Aliwaambia walete machela.

Kisha Mzee Magesa akauliza, kama desturi ilivyo, mwenye mwano ni nani, asimame aseme alichokiona. Nikasema ni mimi. Zipora akageuka. Nikasema niliona mwanaume anafungua zizi langu na kutoa ndama, na kwamba kwa mbali na kwa jua lile sikumtambua. Ndivyo nilivyosema mbele ya watu wote. Na watu wakaanza kukumbuka mambo yao. Mmoja akasema ng'ombe wake waliibwa siku chache baada ya huyu bwana kupita. Mwingine akasema mtu anayezunguka vijiji vyote anajua kila zizi liko wapi. Ndani ya muda mfupi Ansgar alikuwa mwizi wa miaka mingi, na mimi nilikuwa shujaa aliyemgundua. Walinipa mkono, dada. Mzee Magesa alinipa mkono.

Polisi walifika, wakamchukua hospitali chini ya ulinzi. Kituo chake kimemsimamisha kazi mpaka shauri liishe. Amekana, anasema alikuwa anarudisha ndama, na yuko tayari kuapa. Lakini nani atamsadiki, wakati mwenye zizi mwenyewe kasema?

Jioni ile nilijua Zipora ataniuliza maswali yake. Nilijiandaa. Nilikuwa nimepanga jua lilikuwa upande gani, mtama ulikuwa na urefu gani. Hakuuliza hata moja! Alinipa maji ya kunawa, akasema kama Baba Mageni kasema kaona, basi kaona, kwa kuwa tangu amuoe hajawahi kumdanganya, na juu ya ng'ombe hawezi kudanganya. Keshoye akakikunja kile kizibao, akampelekea Mzee Magesa, akamwambia hawezi kubaki kwenye cheo wakati mume wake ni shahidi na mwalimu wake ni mtuhumiwa. Mzee akamsihi. Zipora akasema tayari ameshachagua upande, na afisa hachagui upande.

Yaani alinichagua mimi. Unaona, dada? Kile nilichokuwa nakililia moyoni miezi yote hiyo, nilikipata kizima kizima. Ansgar alimtuma muuguzi ampigie simu Zipora, akimwomba aende hospitali amsikilize tu. Zipora akajibu kwamba hana la kuongea na mwizi, akakata. Akabaki nyumbani. Anapika mapema, anakaa nami, ananiuliza habari za majaruba. Mwanamke wangu kanirudia mzima. Ilikuwa ni kwa ajili ya hicho nilichopiga mwano, sasa kwa nini nilikuwa silali?

Juzi alikuwa anachambua choroko barazani, akaanza kulia, machozi yanadondokea kwenye ungo. Akaniambia nimsamehe. Yeye anaomba msamaha, dada, kwangu! Akasema alikuwa mjinga. Akasema alijiona kasoma kumbe alifundishwa na mwizi, na kila alichowaambia wazee pale dagashida labda ni uongo vilevile, ndiyo maana mimi nilikuwa nakunja uso tangu mwanzo, mimi niliona na yeye hakuona. Akasema akipita njiani anaona aibu kwa jinsi alivyokuwa akitembea na kizibao kile. Kisha akakichukua kile kitabu cha Katiba, na kabla sijasema kitu akakisukuma chini ya mtungi uliokuwa unayumba, kuukaza kitako.

Nilikuwa nataka asikie aibu kidogo, nakiri. Nilikuwa nataka ashuke kidogo, turudi kuwa sawa. Lakini mtu aliyekaa pale barazani hakuwa Zipora. Alikuwa mama fulani anayeogopa kunikosea. Nikachukua fimbo nikaenda kuangalia ng'ombe ambao nilikuwa nimetoka kuwaangalia.

Leo alfajiri, wakati anawasha moto, nikamwambia. Sikutafuta maneno. Nilimwambia nilimtambua Ansgar tangu nilipoiona pikipiki, na kwamba alikuwa anarudisha ndama, hakuwa anamtoa. Nikamwambia nilisikia yuko nyumbani kwangu anamsubiri mke wangu, na hicho ndicho nilichokipigia mwano.

Alisukuma kuni motoni moja moja. Nilitamani anitukane. Angenirushia chungu ningeshukuru. Mwishowe akaniuliza namwambia kama nani. Sikumwelewa. Akanieleza kwa upole kabisa kwamba kama namwambia mke wangu, mke anaweza kuyafukia haya na tukafa nayo, hawezi kulazimishwa. Kama namwambia afisa sheria, afisa hana ruhusa ya kuyanyamazia hata saa moja. Nichague mwenyewe, na nisichague haraka.

Dada, nilijua maana ya kuchagua. Mwano wa uongo ni kutengwa, hilo hata mtoto wa hapa analijua, na baada ya hapo kuna polisi na mkono wa mtu uliovunjika. Nikatazama ule uso. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile ananiuliza swali. Nikamwambia mwambie afisa.

Basi akanawa mikono. Akaniambia, amesimama wima kabisa mbele yangu kwenye uwanja wetu wenyewe, kwamba nina haki ya kunyamaza, kwamba nitakayosema zaidi yanaweza kutumika dhidi yangu, kwamba sitatengwa kabla sijasikilizwa, na kwamba nina haki ya ndugu wa damu wa kusimama nami. Hakumeza hata neno moja. Alikuwa mzuri, dada, sijui nikwambieje. Halafu akauliza ndugu huyo atakuwa nani ili amwandike, nikakutaja wewe. Nikamuuliza, na sisi wawili je, nyumba hii itakuwaje? Akasema hiyo ni kesi nyingine, na haiwezi kusikilizwa siku moja na hii.

Akavuta kitabu chini ya mtungi, akakifuta kwa kitenge, akaenda kwa Mzee Magesa kuchukua kizibao chake na kunishitaki. Mzee kaleta ujumbe sasa hivi kwamba dagashida itakaa Jumapili baada ya ibada, na kwamba hataki kuniona kabla ya hapo.

Kwa hiyo nakuomba dada, uje. Panda gari la Jumamosi, goti hilo ulifunge kitambaa. Usije kunitetea, sina utetezi, na ukijaribu Zipora atakuumbua mbele za watu. Uje usimame tu pembeni yangu wakati nasema, maana hapa hakuna mwingine wa damu yetu, na nikimaliza kusema sidhani kama kuna atakayeniitikia salamu. Ukiona ni aibu kubwa mno kwako na kwa shemeji, nitaelewa, nitasimama mwenyewe. Mageni usimwambie chochote, nitamwandikia mimi.

Wasalimie wote hapo nyumbani, wakubwa kwa shikamoo na wadogo kwa marahaba. Msalimie shemeji Donatus sana, na msimame nami katika sala zenu.

Ningeishia hapo, lakini nimesema nitakwambia ukweli mtupu. Zipora hayupo. Kutoka kwa Mzee Magesa hakurudi nyumbani, amekwenda moja kwa moja Shinyanga hospitalini kumwambia Ansgar kwamba jina lake limesafishika. Ni haki yake kuambiwa, najua, tena yeye wa kwanza. Nilisikia pikipiki ikisimama pale barabarani na kuondoka naye. Na mimi, mkosaji, mwenye kesi ya Jumapili, nimekaa hapa na kalamu tangu saa ile, na kutengwa sikuwazi, na polisi siwawazi. Nawaza amepanda pikipiki ya nani.

Ni mimi mdogo wako,
Bujiku.